Sebule Yetu Ilikuwa Nje

Nakumbuka Jumamosi moja, nimesimama jikoni kwetu Grand Prairie, mkasi mkononi, picha ya utoto wangu mezani, na nina uhakika kabisa kwamba ninachotaka kufanya ni jambo la akili. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, mwanangu. Nina misuli, nina lori langu la kwanza, na ukiniambia neno nisilolipenda nakuuliza wewe una nini.

Ngoja kwanza nikwambie mimi ni nani, usije ukadhani unasikiliza maneno ya profesa. Shule niliishia darasa la nne. Baba yangu alikuwa mkata mkonge Korogwe, na sisi tulikaa kambini, chumba kimoja kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi. Texas alitangulia mke wangu, Neema, miaka ya tisini. Mimi nilimfuata, na sioni haya kulisema. Yeye alikuwa mhudumu wa wagonjwa hospitalini Fort Worth huku anasomea unesi. Mimi nilibeba makasha ghalani mpaka nikachoka kubebea watu wengine, nikanunua lori kuukuu, nikaanza kazi ya kuhamisha watu nyumba. Leo malori yana jina langu ubavuni, na madereva wenye diploma wananiita bosi. Najisifu, ndiyo. Sikurithi hata kijiko.

Kazi hiyo imeniingiza kwenye nyumba nyingi kuliko mchungaji. Kwa hiyo ninapokueleza habari za picha za ukutani, sikuelezi nilichosikia. Hizo picha nimezibeba.

Sasa ile yangu. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imezidi kiganja kidogo, kingo zake nyeupe zimekatwa meno meno kama za zamani zote. Mama ameketi kwenye kiti cha mikono, miguu pamoja, uso mkavu. Baba amesimama, mkono mmoja juu ya redio, na redio iko juu ya kimeza chenye kitambaa cha kufuma. Katikati niko mimi, mtoto wa miaka mitatu, shati linafika magotini, nacheka ufizi wote nje. Sitazami kamera. Natazama pembeni. Nyuma yetu kuna kitambaa cha maua, kimetandazwa kama pazia. Ukiishia hapo, utasema hawa ni watu wamekaa sebuleni kwao, wameshiba, wanasikiliza redio.

Tatizo lilikuwa upande wa kulia. Huko kitambaa kinaisha. Unaona ukuta wa udongo wa kambi, unaona vumbi, unaona mafiga na sufuria nyeusi. Na mbele ya mafiga kuna mtoto ametikisika picha ilipopigwa, hana sura, ana gauni tu na kitu kichwani. Alikuwa kama moshi uliovaa gauni.

Mama alinipa picha hiyo siku naondoka Korogwe. Aliitoa kwenye kopo la biskuti, imefungwa kwenye nailoni mara mbili, akaniwekea mfukoni mwa shati. Akasema, "Chukua. Hapa tupo wote." Nikasema ahsante. Sikukaa chini, sikuuliza. Basi lilikuwa linapiga honi.

Jumamosi ile ya mkasi, kesho yake ilikuwa zamu yetu ya ibada ya nyumbani. Tulikuwa na kikundi, Watanzania wachache, Wakenya wengi, Wakongo nao wakaanza kuja, tukasali kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichotukusanya wote. Wakenya wale walikuwa wahasibu na wauguzi. Baadhi yao niliwahamisha mimi mwenyewe, na kuta zao nilizijua: baba amevaa tai, mama na mkoba, picha za mahafali. Nikaona na mimi niwe na ukoo ukutani. Nikaenda dukani nikanunua fremu ya rangi ya dhahabu, nikaja nayo nyumbani, na picha haikuingia.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Pale dukani fremu kubwa zilikuwepo. Nilichagua ndogo makusudi, ili nipate sababu.

Vidole vyangu ni vya kubebea makochi, siviamini na mkasi. Nikamwita mke wangu.

"Mama Yona, njoo unikatie hapa, kitambaa kinapoishia."

Akaichukua, akaitazama muda mrefu. "Na huyu mtoto?"

"Wa jirani tu huyo. Alipita akaharibu picha."

"Unamjua?"

"Kambi ilikuwa imejaa watoto kama vifaranga, nitamjuaje?"

Akanitazama kwa yale macho ya kupimia wagonjwa presha. "Haya. Nenda kaoshe lori lako, niachie."

Niliporudi, fremu ilikuwa ukutani juu ya televisheni, na picha imeishia pale pale kitambaa kinapoishia. Nikasimama mbele yake kama mtu aliyejengewa nyumba. Ndani ya siku moja tulikuwa tumehama kambini.

Kesho yake watu wakaja. Alikuwepo Mkenya mmoja, mhasibu wa Lewisville, tunamwita Baba Kevin, mcheshi, mdomo hauna breki. Yeye hakuketi kabla ya kukagua ukuta.

"Kumbe mko na historia, mzee," akasema. "Hii ni wapi?"

"Nyumbani. Sebuleni kwetu."

"Sebule iko sawa kabisa. Na redio yenu?"

"Ya Baba hiyo."

"Na wewe hapa unacheka nini hivi? Umeona nini?"

"Redio. Kulikuwa na kipindi cha vichekesho."

Mwanangu, uongo ukishasema wa kwanza, wa pili huja wenyewe na kiti chake. Nikampa na jina la kipindi. Nikampa na jina la mtangazaji. Miaka miwili nikawasimulia wageni kipindi kile, mpaka mwanangu Yona, mtoto wa miaka minne, akawa anawaeleza wenzake kwa Kiingereza kwamba baba yake alikulia kwenye nyumba yenye redio kubwa. Na mimi mwenyewe nilianza kukumbuka zulia la sebule ile.

Halafu Neema akapata mimba ya pili, na Mama akapata viza ya kuja kumlea mzazi. Wewe uliyezaliwa huku labda hujui: kwetu mwanamke akijifungua, mama mtu mzima lazima awepo, apike uji, akande maji ya moto, awafukuze wageni wanaokaa sana. Tulipanga afike wiki mbili kabla. Mtoto hakungoja mpango. Neema alifanyiwa upasuaji Jumanne, mtoto wa kike, wazima wote wawili, na Mama akatua Alhamisi, wao bado wako hospitali.

Kutoka uwanja wa ndege Mama alizungumza bila kumeza mate. Mkate wa kwenye ndege ulikuwa baridi. Mzungu wa kiti cha pembeni alilala na mdomo wazi kutoka Ulaya mpaka huku. Barabara zetu pana, lakini watu wako wapi, mbona ni magari tu? Nilicheka njia nzima. Nilikuwa sijamwona kwa miaka saba.

Tukaingia nyumbani ili aoge kabla ya kumshika mtoto. Akavua viatu mlangoni, akampakata Yona aliyekuwa anaangaliwa na jirani, akatazama huku na huku, na alipoiona fremu akaenda moja kwa moja ukutani. Nikasimama nyuma yake natabasamu. Nangoja sifa.

"Salome yuko wapi?" akauliza.

"Salome gani, Mama?"

Akageuka. "Dada yako. Yuko wapi?"

Hapa nikueleze. Nilijua kwamba nilikuwa na dada aliyefariki nikiwa mdogo sana, kwa homa, wakati wa masika. Nilijua jina lake. Basi. Nyumbani jina hilo halikutajwa, kwa sababu likitajwa Baba alikuwa anainuka anatoka nje na chakula chake anakiacha. Kwa hiyo sisi tuliofuata tulikua tukilizunguka kama watu wanavyozunguka shimo. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dada huyo aliwahi kupigwa picha.

Mama akaweka kidole kwenye ukingo wa fremu. "Alikuwa hapa. Hapa. Ana beseni kichwani."

"Fremu ilikuwa ndogo, Mama."

"Fremu ilikuwa ndogo," akarudia, taratibu, kama mtu anayeonja mboga. "Kwa hiyo ukaona apungue mtu."

Nikaangalia viatu vyake pale mlangoni.

"Picha ya Salome ni hiyo moja," akasema. "Ulimwengu mzima, ni hiyo. Wadogo zako waliitaka. Nikasema hapana, huyu ndiye anayekwenda mbali, mwacheni akae na dada yake." Kisha akasema, "Nionyeshe bafu liko wapi."

Hakupiga kelele, mwanangu. Nilitamani apige kelele. Alioga, akavaa, akaishusha fremu mwenyewe ukutani, akaifunga kwenye khanga, akaja nayo kwenye gari. Kutoka Grand Prairie hadi Fort Worth ile fremu ilikuwa mapajani pake, na yule mwanamke aliyenisimulia ndege nzima sasa anatazama mbele. Yona nyuma akauliza, "Is Bibi mad?", yaani Bibi amekasirika. Bibi hakuelewa Kiingereza, lakini alielewa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamshika mguu, akaendelea kuushika. Mimi nikashika usukani. Nilishabeba piano mpaka ghorofa ya tatu, mimi na kijana mmoja tu, na haikunilemea kama ile fremu ambayo sikuwa nimeibeba mimi.

Chumba cha hospitali kilikuwa na jua. Mama alipopewa mtoto uso wake ukafunguka wote. Akamnusa utosini, akamwimbia kwa Kisambaa, akamwuliza mbona amewahi kuja, hakumngoja bibi yake. Nikautumia wimbo huo kumwinamia Neema sikioni.

"Mama Yona, nimekwisha. Yule mtoto wa kwenye picha alikuwa dada yangu. Salome. Hakuna picha nyingine. Na mimi nilikuambia ukate."

Neema akanitazama. Halafu akaanza kucheka. Akashika tumbo.

"Baba Yona, usinichekeshe, nina nyuzi."

"Sichekeshi."

"Mimi? Nimkate mtoto wa watu na mkasi wa kukatia kuku?" Akavuta pumzi, machozi yanamtoka. "Nilikunja."

"Ulifanya nini?"

"Nilikunja, nikarudisha nyuma. Wewe si ulitaka iingie kwenye fremu? Iliingia."

"Miaka miwili hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha mno. Nikasema ngoja apate akili, nitamwambia. Bado nilikuwa nangoja."

Mama alikuwa ameacha kuimba. Alinipa mtoto, akafungua khanga, akamkabidhi mkwewe fremu. Neema akachukua kijiko kwenye sinia ya chakula cha mchana, akainua vile vibati vya nyuma kimoja kimoja, akatoa karatasi ngumu, na picha ikatoka. Ilikuwa imekunjwa vizuri kama shuka la hospitali. Akaikunjua kwenye ile meza ya magurudumu, akailaza kwa viganja viwili.

Salome alikuwepo. Mkunjo umeacha mstari mweupe kati yake na sisi, lakini alikuwepo, na gauni lake, na mguu mmoja hewani, na kile kitu kichwani ambacho sasa niliona ni beseni. Mama akaweka kidole pale panapotakiwa kuwa uso. Kisha akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kama mtu amekumbuka jambo la mtaani.

"Huyu alikuwa mwehu," akasema.

Ndipo akatusimulia. Mpiga picha alikuja kambini akiwa na sanduku la miguu mitatu, anaingiza kichwa kwenye kitambaa cheusi. Ndani ya vyumba vyetu kulikuwa na giza, hakuna picha ingetoka. Kwa hiyo Mama alitoa vitu nje. Alifunga shuka lake la maua ukutani, akaweka kimeza, akaazima kiti kwa nyapara, na nyapara kwa wema wake akaongeza na redio. Sebule ikasimama juani mbele ya mafiga. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa mimi. Nilipomwona mtu asiye na kichwa chini ya kitambaa cheusi, nilipiga yowe, nikakataa kunyamaza.

"Salome nilikuwa nimemtuma bombani kuosha vyombo," Mama akasema. "Alikuwa na miaka minane. Akarudi na beseni kichwani, akakuona unavyolia. Akaanza kucheza. Vijiko vinalia, chaka chaka, anatupa miguu, vyombo vinataka kumwagika. Wewe ukacheka. Yule mtu akabonyeza."

Mpiga picha alikasirika. Alipoileta, alisema msichana ameharibu pembe, anaweza kuikata ibaki safi. Baba yangu, ambaye hakujua kuandika hata jina lake, akamwambia, "Acha hivyo hivyo. Wewe ulibonyeza tu. Aliyeipiga ni huyu."

Nikainama kuitazama tena. Miaka yote hiyo nimewaambia watu nacheka redio. Mwanangu, macho ya yule mtoto hayako kwenye redio hata kidogo. Yanapita juu ya redio, yanavuka mwisho wa shuka, yanakwenda moja kwa moja kwa yule msichana mwenye beseni. Mtu yeyote mwenye picha nzima angeona hilo mara moja. Mimi niliikunja sababu ya kicheko changu mwenyewe, kisha nikaanza kuwatungia watu sababu nyingine.

"Nisamehe, Mama," nikasema.

"Uliona aibu ya nini?" Hakuwa mkali sasa. Alikuwa anataka kujua kweli. "Udongo? Mafiga? Yale mafiga ndiyo yaliyokupa hizo nguvu za kubeba vitanda vya Wazungu. Mimi sikutoa kiti nje kuwadanganya watu. Nilitoa kiti nje ili mwanga utuone. Wewe mwanga umeukunja ukabaki na kiti."

Neema alisema amina. Hakuna aliyemwuliza.

Watu hudhani binti yangu tulimwita Salome. Hapana. Nilitaka, na Mama alikataa. Alisema Salome yupo, yuko pale na beseni lake, huyu mpeni jina lake. Tukampa Rehema.

Jumamosi iliyofuata mzazi na mtoto walikuwa nyumbani, Mama ameshakamata jiko, na akatangaza kwamba leo mtoto anapigwa picha. Nikaleta kamera. Akatazama chumba, akatikisa kichwa.

"Humu giza kama ghala. Nje."

"Mama, kamera ina taa yake."

"Nje, Eliya."

Nikaanza kutoa vitu. Kuhamisha watu ni kazi yangu, lakini sijawahi kupata msimamizi kama yule. Sofa hapa. Hapana, jua liko kule. Kimeza. Kitambaa cha kimeza. Televisheni, maana siku hizi ndiyo redio. Akafunga shuka la maua la Neema kwenye nguzo za ngazi, Yona anashika pembe. Nusu saa, na sebule yetu yote iko kwenye majani mbele ya apatimenti.

Sasa wewe uliyekulia huku umeshaelewa, lakini sisi kwa furaha tulisahau. Texas ukiona sofa, meza na televisheni kwenye majani, maana yake ni moja tu. Watu wamefukuzwa.

Wa kwanza kushuka alikuwa jirani yetu wa juu, Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kiwandani. Alishuka ngazi kwa khanga ya kulalia, mkono kifuani.

"Baba Yona, banabafukuza? Mbona hamukusema? Na mutoto mudogo hivi?" Kabla sijafungua mdomo amechukua mfuko wa nepi. "Mukuje kwangu. Chumba ya batoto iko. Tutapangana."

"Mama Furaha, hatufukuzwi."

"Basi ni nini hii?"

Kabla sijamjibu, gari la Baba Kevin likasimama. Alikuwa amekuja kumwona mtoto, na sufuria ya pilau kwenye kiti cha mbele. Akatoka, mlango akauacha wazi.

"Wacha," akasema. "Wacha kabisa. Mzee, si ungenipigia simu?" Na bila kungoja jibu akaikumbatia televisheni yangu, akaanza kuipeleka kwenye gari lake. "Hii ndiyo huibiwa kwanza. Nawawekea."

Mama wa ofisi ya apatimenti naye akaja na kigari chake kidogo, ana karatasi mkononi, anaapa kwamba yeye hajatoa amri ya kumfukuza mtu. Neema akamweleza kwa Kiingereza chake kizuri. Yule mama akaweka karatasi chini, akasema yeye atapiga picha, wote tuingie.

"Lakini mnatoa viti nje kwa nini," Baba Kevin akauliza, televisheni bado mikononi, "na mko na nyumba?"

Mama yangu hakujua kuna siri. "Ndivyo tulivyopiga na ile nyingine."

"Ipi?"

"Ile ya ukutani."

Baba Kevin akageuka kwangu polepole. "Ile ya sebule?"

Ningeweza kutunga kitu. Nilikuwa fundi wa kutunga. Nikamtazama Mama na mtoto wangu mapajani pake, nikaona nimechoka kubeba.

"Sebule yetu ilikuwa nje, ndugu yangu. Kitambaa kile ni shuka. Kiti ni cha nyapara."

"Na redio?"

"Ya nyapara."

"Na kile kipindi cha vichekesho?"

Mama akanitangulia. "Kipindi gani? Redio ile haikuwa na betri."

Baba Kevin aliweka televisheni chini kwenye majani, akakaa kando yake, akacheka mpaka akalala chali. Alipopata sauti akasema, "Mzee, hata sisi kwetu tulipigwa na baiskeli ya kasisi. Kevin anajua ni ya babu yake." Hapo hata Mama Furaha alikaa chini, mfuko wa nepi kichwani.

Tukajipanga. Mama katikati ya sofa na Rehema, Neema pembeni, mimi nyuma na mkono juu ya televisheni kama baba yangu. Mama wa ofisi akahesabu. Na wakati anahesabu Yona akatokea upande wa kulia, nje kabisa ya shuka, amebeba kikapu cha nguo chafu kichwani, anarusha miguu, soksi zinadondoka. Nikataka kumkemea. Kisha nikamwona Mama. Ule uso mkavu wa picha zote za maisha yake ulikuwa umekwisha, ameachama, mapengo yake yote yako nje juani. Na kamera ikabonyezwa.

Nilipopeleka filamu dukani, mwanamke wa kaunta aliniita. Akasema moja imeharibika, mtoto wa pembeni ametikisika, lakini anaweza kumkata, picha itabaki safi. Kiingereza changu ni cha kubebea mizigo. Nikamwambia hapana, mama, acha hivyo hivyo, huyo ndiye aliyeipiga. Hakuelewa. Akanichapia nakala mbili.

Moja Mama aliondoka nayo kwenye mkoba wake, na aliishi miaka mingi akiwaonyesha watu Korogwe sebule ya mwanawe Amerika, kwenye majani, na kuwaambia bila kuficha kwamba ni nje. Ile ya zamani aliniachia. Alisema Salome akae na mdogo wake. Nilirudi kwenye duka lile lile nikanunua fremu kubwa. Mstari wa mkunjo bado upo, na watu wakiuliza nawaambia huo ni upumbavu wangu, umepita hapo.

Sasa nisikilize, maana ndicho nilichokukalisha hapa. Siku hizi simu yako inakata watu kwa kidole kimoja. Inafuta ndoo, inafuta jirani, inafuta ukuta uliobanduka, inakuachia uso wako tu na tabasamu lisilojulikana limetoka wapi. Usiifanyie hivyo nyumba yenu. Ukipewa picha na mtu mzima, kaa chini, hata kama basi linapiga honi. Muulize huyu wa pembeni ni nani. Muulize kiti kilikuwa cha nani na mtoto anacheka nini. Geuza nyuma, andika majina kwa penseli, mahali na nani alikuwepo ambaye haonekani. Usingoje wafu waje wakueleze. Kama mlikuwa na sakafu ya udongo, iache ionekane, miguu yako ilijifunzia kutembea hapo. Na kama una mwenzi anayekunja pale unapomwambia akate, mshukuru leo, usingoje miaka miwili kama mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe ukuta mpana na fremu zisizombana mtu. Wanao wacheke, na ujue wanachocheka. Na siku wajukuu wako watakapoitazama picha yako, akosekane wa kuuliza fulani yuko wapi, kwa sababu wote mtakuwa mmo humo, mpaka yule wa pembeni kabisa aliyekataa kutulia.